Utumwa, Kipande na Ardhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Urithi wa Ubaguzi wa Rangi Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Nimefundisha somo la Historia katika shule za upili za Nakuru na Kisumu kwa miaka mingi, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayonirudia kila muhula, kutoka kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, na mara nyingine kwa wazee wanaokuja shuleni siku ya wazazi wakaketi kunieleza yale ambayo vitabu viliyaacha. Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi lingempotosha msomaji, na kwa ufupi pale ambapo jambo liko wazi.

Je, biashara ya utumwa ilifika huku bara, au ni habari ya Pwani tu?

Ilifika, lakini kwa kiwango kidogo kuliko Pwani na Tanganyika. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu ilipanda kutoka Mombasa na Pangani, ikapita Naivasha na Baringo kutafuta chakula, kisha ikaelekea Mumias, penye himaya ya Wanga. Walichokitafuta kwanza kilikuwa pembe za ndovu, ila mateka nao walinunuliwa na kupelekwa Pwani. Msafiri Mzungu Joseph Thomson alipofika Mumias mwaka 1883, na Askofu Hannington mwaka 1885, njia hiyo ilikuwa tayari inajulikana na wapagazi. Uislamu uliokita mizizi Mumias hadi leo ulianzia katika mahusiano hayo.

Watumwa wengi waliolima mashamba ya Pwani ya Kenya na karafuu za Unguja walitoka kusini: Wanyasa, Wayao, Wangindo na wengineo. Anayedai kwamba kila ukoo wa Magharibi ulipoteza mtu kwa njia hiyo anatia chumvi, na anayedai kwamba hakuna aliyepotea anawafuta watu waliokuwa na majina na mama zao.

Utumwa ulikomeshwa lini nchini, na walioachiliwa walipewa nini?

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash. Katika miaka hiyo hiyo wamisionari walianzisha makazi ya Frere Town karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897 kule Unguja, na hadi mwaka 1907 katika Pwani ya Kenya. Kwa hiyo serikali ya Kiingereza ilitawala nchi hii kwa zaidi ya miaka kumi huku utumwa ukiwa halali katika sehemu yake moja.

Fidia ililipwa, na waliolipwa ni mabwana. Mtumwa aliyeachiliwa hakupewa senti wala kipande cha shamba alilolilima maisha yake yote. Mwaka mmoja baadaye, 1908, ilikuja sheria ya hati za ardhi za Pwani, ambayo ilimpa hati yule aliyeweza kudai umiliki mbele ya afisa, na wengi waliokuwa watumwa wakajikuta maskwota, yaani wakazi wasio na haki ya ardhi, juu ya udongo ule ule. Utaratibu huo Waingereza walikuwa na uzoefu nao: walipokomesha utumwa katika makoloni yao kwa sheria ya mwaka 1833, waliwatengea wamiliki pauni milioni 20, na deni lililotokana na malipo hayo lilimalizika kulipwa mwaka 2015.

Kwa nini unaunganisha utumwa na kazi za mashamba ya walowezi? Si wafanyakazi hao walilipwa?

Swali hili huulizwa kwa hasira kutoka pande zote mbili, nami nitalijibu polepole. Mfanyakazi wa shamba la mlowezi huko Njoro au Molo hakuwa mtumwa kwa maana ya sheria. Hakununuliwa sokoni, na mtoto wake hakuzaliwa akiwa mali ya mtu. Tofauti hiyo ni kubwa, na kuisahau ni kuwakosea heshima waliouzwa kweli.

Lakini tazama jinsi mtu huyo alivyofika shambani. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, zote zikidaiwa kwa fedha, katika nchi ambayo njia ya kupata fedha kwa Mwafrika ilikuwa imezibwa makusudi. Zao la kahawa, kwa mfano, Waafrika walizuiwa kulilima hadi miaka ya 1930, ambapo ruhusa ilianza kutolewa kwa uchache katika maeneo kama Kisii na Meru. Asiye na fedha ya kodi alikuwa na njia moja, kwenda kuandikwa kazi. Mwaka 1912 chifu aliruhusiwa kisheria kuwatoa watu wake kufanya kazi za lokesheni, yaani eneo lililotengewa Waafrika, bila malipo hadi siku 24 kwa mwaka. Kisha Oktoba 1919 Gavana Northey akatoa waraka ukiwataka maafisa wa serikali na machifu watumie kila ushawishi halali kuwapeleka vijana kwenye mashamba ya Wazungu, na wanawake na watoto pia pale shamba lilipokuwa karibu. Chifu aliyeambiwa na Bwana Disii, yaani mkuu wa wilaya, kwamba jina lake litaandikwa kulingana na idadi ya watu aliowatoa alielewa vizuri maana ya ushawishi. Mwaka uliofuata sheria iliruhusu mtu kulazimishwa kufanya kazi ya serikali, kwa malipo, hadi siku 60 kwa mwaka.

Kwa hiyo sisemi kwamba mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Ninasema kwamba serikali ile ile iliyojisifu kuwa imekomesha utumwa Pwani mwaka 1907 ilikuwa ikijenga huku bara utaratibu wa kumfanya Mwafrika asiwe na uwezo wa kukataa kazi, na kwamba iliujenga kwa rangi ya ngozi, ikaandika kila hatua katika sheria zenye namba na tarehe.

Kipande kilikuwa nini hasa?

Kilikuwa karatasi ya usajili ambayo kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alilazimishwa kuwa nayo nje ya lokesheni yake. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikachelewa kwa sababu ya vita, na ikaanza kutekelezwa kati ya mwaka 1919 na 1920. Karatasi hiyo ilikuwa na jina, kabila, alama ya kidole, jina la mwajiri, kiwango cha mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuachishwa pamoja na saini ya mwajiri. Ilitiwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba.

Nimewahi kushika kimoja. Mzee mmoja wa Bahati alikitoa katika sanduku la mbao, kimefungwa kwa kitambaa cha leso. Bati limebonyea upande mmoja na limelainika kwa jasho pale lilipokuwa likigusa kifua, na kitundu cha kamba kimepanuka kwa miaka ya kuning'inia. Ndani, karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi hata mikunjo ikawa matobo. Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe ya kuanza kazi, na nafasi ya saini ya kuachishwa ilikuwa tupu. Mzee alinieleza kwamba baba yake aliondoka shambani bila saini hiyo, na kwa sababu hiyo hakuweza kuandikwa kazi popote bila kuhatarisha kukamatwa kama mtoro. Mlowezi hakuhitaji minyororo. Alihitaji kuinyima karatasi wino.

Kipande kilipingwa kwa miaka mingi. Mwanaharakati Harry Thuku alikizungumzia kabla ya kukamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, wengine wakafa. Kilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, usajili ulipotakiwa kuwa wa watu wa rangi zote, na walowezi wengi wakapinga vikali kuchukuliwa alama za vidole, kwa kuwa waliliona jambo hilo kuwa la aibu.

Ni kweli kwamba maneno tunayotumia kila siku yana historia ya utumwa?

Ni kweli, na hapa lugha yetu ina kumbukumbu kuliko sisi tunaoizungumza. Kibarua ni barua ndogo, yaani kijikaratasi cha kuhesabia kazi ya siku, na Unguja ya karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku, ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Mtoro alikuwa mtumwa aliyekimbia. Watoro walianzisha vijiji vyao nyuma ya Pwani, kama vile Fuladoyo, na leo tunamwita mtoro mtoto aliyekosa shule Jumatatu. Mnyapara alikuwa msimamizi wa msafara, akahamia mashamba ya walowezi, na leo neno nyapara linatumika gerezani. Watu wazima wenye wajukuu waliitwa boi katika nyumba za Wazungu za Milimani. Na kitambulisho cha taifa, ambacho ni haki ya kila raia, bado wengi wetu tunakiita kipande.

Sisemi maneno haya yaachwe. Ninawaomba wanafunzi wangu wayajue.

Ardhi ya Nakuru ilikuwa ya nani kabla ya walowezi?

Bonde la Ufa kuanzia Naivasha hadi Nakuru lilikuwa malisho ya Wamaasai, na misitu ya Mau ilikuwa makao ya Waogiek. Mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka bondeni hadi Laikipia na eneo la kusini, kwa ahadi kwamba makazi hayo yangekuwa yao muda wote watakaokuwapo kama taifa. Ahadi hiyo iliishi miaka saba. Mkataba wa 1911 uliwatoa Laikipia pia, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa wa mataifa mawili, kwa hiyo mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Walihesabiwa kuwa taifa la kigeni siku waliyotaka haki, na raia wa kutawaliwa siku nyingine zote.

Mlowezi Lord Delamere alipewa huko Njoro ekari 100,000 kwa hati ya miaka 99. Sheria ya mwaka 1915 ikaongeza muda wa hati za walowezi hadi miaka 999. Mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu ikawekwa rasmi, ekari zipatazo milioni 7.5, ambamo Mwafrika hakuweza kumiliki ardhi bali kuwa mfanyakazi tu. Kuhusu Waogiek, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2017 kwamba Kenya huru nayo ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza Mau, na mwaka 2022 ikaamuru wafidiwe.

Maskwota walikuwa nani, na kifagio ni nini?

Skwota alikuwa Mwafrika aliyeishi na familia yake juu ya shamba la mlowezi, akalima sehemu ndogo na kufuga mifugo yake kwa masharti ya kumfanyia mwenye shamba kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliweka kiwango cha chini cha siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 iliwapa walowezi wa kila wilaya uwezo wa kuongeza siku hizo, zikafikia 240 na hata 270 katika baadhi ya wilaya.

Kifagio ni jina ambalo maskwota wenyewe waliupa msako wa miaka ya 1920, wakati mbuzi na ng'ombe wao walipofagiliwa mashambani kwa amri, wakalazimika kuwauza kwa bei ya kutupa. Familia zilizokuja Bonde la Ufa na mifugo mingi zilibaki na posho ya unga. Waliofukuzwa baadaye walipewa makazi Olenguruone mwaka 1941, kisha wakafukuzwa huko pia kufikia 1950. Huko ndiko kiapo cha umoja kilikoenea, miaka kadhaa kabla ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Mtu akiniuliza Mau Mau ilitoka wapi, humwambia aanze kutazama Olenguruone kabla ya kutazama msitu wa Nyandarua.

Nyanza na Magharibi hakukuwa na walowezi wengi. Kwa nini zinahusishwa?

Kwa sababu zilifanywa ghala la nguvukazi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa Carrier Corps, jina lililozaa Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Vita vilipokwisha, mashamba yaliyotengewa wanajeshi waliorudi yalikuwa ya wanajeshi Wazungu, na baadhi ya mashamba hayo yalikatwa kutoka ardhi ya Wanandi.

Desemba 1921 wasomi wa shule za misheni walikutana Lundha, Gem, wakaunda Young Kavirondo Association, ambayo watu waliita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Jonathan Okwiri alikuwa mwenyekiti wake. Walidai kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe na kazi ya shuruti ikome. Ukisoma madai yao leo unaona kwamba walielewa mfumo wote kuliko watu waliowaita wajinga.

Kisha kuna Kakamega. Mwaka 1930 serikali ilipitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya lokesheni ingekuwa ya wenyeji milele, na kwamba kipande chochote kitakachotwaliwa kingefidiwa kwa kipande kingine. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Kufikia Desemba 1932 sheria ilikuwa imebadilishwa ili ardhi yenye dhahabu iweze kuchukuliwa bila kutoa nyingine na bila kwanza kuwauliza wenyewe. Milele ilidumu miaka miwili.

Na huko Kericho, ambako chai ilianza kupandwa kwa wingi miaka ya 1920, Wakipsigis walipoteza ardhi yao bora. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, wapatao watu 700, wazee na watoto pamoja, ulihamishwa kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yao peke yao, ukapelekwa Gwassi kando ya ziwa, penye mbung'o na malaria, na ukakaa huko karibu miaka thelathini.

Kwa nini Nakuru na Kisumu zote zina mtaa unaoitwa Milimani?

Kwa sababu miji yote miwili ilipangwa kwa kanuni moja. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, Profesa Simpson, alitembelea miji ya Afrika Mashariki, Kisumu ikiwemo, na akashauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe makazi, akitaja tauni na malaria kuwa sababu. Mzungu alipewa mlima wenye upepo, Mhindi akapewa mitaa ya maduka, na Mwafrika akapewa kilichobaki. Ndiyo maana Nakuru ina Milimani juu, yenye mijakaranda na viwanja vya nusu ekari, na ina Bondeni chini, ambako nyumba za chumba kimoja zilijengwa kwa ajili ya mfanyakazi aliyedhaniwa hana mke wala watoto. Jina lenyewe la mtaa linakuambia nani aliwekwa wapi.

Tamko la Devonshire la mwaka 1923, yaani tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, liliachana na utengano wa makazi mijini kisheria, lakini mabomba ya maji na barabara zilikuwa zimekwisha kuchorwa. Huko Kisumu, Nyalenda, Manyatta na Obunga zilikua nje ya mpaka wa zamani wa mji, zikaingizwa ndani mipaka ilipopanuliwa miaka ya 1970, na hadi leo mtu anayevuka barabara kutoka Milimani kwenda Nyalenda anaona kwa macho mahali ramani ya wakoloni ilipoishia.

Je, Wahindi wa Kisumu walikuwa watumwa?

Hapana. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli kwa mikataba ya miaka mitatu, na takriban 2,500 walikufa kabla haijafika Kisumu Desemba 1901. Wengi wa waliosalia walirudi kwao. Waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, walizuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu, na ndiyo sababu mashamba yao yako Kibos, Miwani na Muhoroni.

Wanubi wa Kibos wanahusikaje na historia hii?

Wanahusika kuliko watu wengi wanavyojua. Mababu zao walitoka milima ya Nuba na kusini mwa Sudan, wengi wakiwa wametekwa kama watumwa kisha kuingizwa katika jeshi la Misri. Kikosi cha Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri, kiliachwa katika jimbo la Ikweta huko kusini mwa Sudan, na mwaka 1891 afisa wa Kiingereza, Lugard, akawachukua askari hao kulitumikia dola la Kiingereza Uganda. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi karibu na Eldama Ravine, wakilalamikia ujira mdogo na safari zisizokwisha. Waliostaafu waliruhusiwa kukaa Kibera, Kibos na kwingineko, lakini bila hati.

Uhuru ulipopatikana, watu hawa hawakuwa na lokesheni ya kurejea, na wakaanza kuhesabiwa wageni katika nchi waliyozaliwa. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyefikisha miaka 18 aliitwa mbele ya kamati ya kuhakikiwa, akaombwa nyaraka za babu yake, wakati mwanafunzi mwenzake wa dawati moja alichukua kitambulisho na kwenda zake. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Wale wa Kibera walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017. Wale wa Kibos walibomolewa nyumba usiku mmoja wa Februari 2021 kwa ajili ya ufufuaji wa reli, wakati wa janga la korona. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye vitabu vyake vilifukiwa kwenye kifusi hicho, na muhula huo sikuweza kufundisha sura ya Emin Pasha kana kwamba ni habari ya watu wa kale.

Je, ubaguzi ulihusu ardhi peke yake?

Hapana. Shule, hospitali, mabehewa ya reli na mahoteli vilitengwa kwa rangi. Bei ya mahindi nayo: mkulima Mwafrika alilipwa kidogo kuliko mlowezi kwa gunia la mahindi yale yale. Katika utumishi wa serikali, Mwafrika na Mhindi waliofanya kazi sawa na Mzungu walilipwa tatu kwa tano ya mshahara wake, na kanuni hiyo iliachwa katikati ya miaka ya 1950.

Uhuru ulipokuja, kwa nini ardhi haikurudishwa bure?

Tarehe 12 Agosti 1963 Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi waliokusanyika hapa Nakuru, akawaomba wasamehe na wasamehewe, wabaki na walime. Hotuba hiyo ilituliza nchi, na sidharau faida yake. Lakini makubaliano yalikuwa yamekwisha kufikiwa kwamba ardhi ingenunuliwa kwa bei ya soko kutoka kwa anayetaka kuuza. Mpango wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilikuwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, na familia zipatazo 35,000 zilipata vishamba. Mkopo huo ulikuwa juu ya mkulima mwenyewe. Mtu ambaye baba yake alifanya kazi siku 270 kwa mwaka juu ya shamba fulani aliandikiwa deni la kulinunua shamba hilo, na ambaye hakulipa alitishiwa kufukuzwa. Oginga Odinga na Bildad Kaggia walilipinga jambo hilo wazi, na walilipia upinzani wao kwa vyeo vyao.

Sehemu nyingine ya nyanda hizo haikukatwa kabisa. Mashamba makubwa yalibaki makubwa, yakabadilisha wamiliki. Wenye vyeo na wenye kufahamiana na benki walinunua mazima mazima, na hati zilizotolewa kwa walowezi zikaingia mikononi mwao.

Kwa hiyo leo tatizo si rangi tena, ni kabila na pesa?

Rangi imeacha kuandikwa katika sheria. Katiba ya 2010 inakataza utumwa na kazi ya shuruti katika Kifungu cha 30, na Kifungu cha 65 kinamzuia asiye raia kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Lakini siamini kwamba kabila ni jambo tofauti na hili. Lokesheni zilichorwa kwa kabila ili kazi zipatikane na umoja usipatikane. Waliofukuzwa katika ardhi moja walipelekwa katika ardhi ya wengine, kisha wakauziwa baada ya Uhuru ardhi ambayo wenyeji wa kwanza hawakuwahi kuulizwa. Molo, Njoro na Burnt Forest zilipowaka mwaka 1992 na tena 2007 na 2008, jirani alimchomea jirani nyumba kwa ugomvi ambao mwanzo wake ni mikataba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitia saini. Hilo halimwondolei hatia aliyewasha kiberiti wala mwanasiasa aliyemlipa.

Obama ni mzao wa watumwa wa Marekani?

Kwa baba yake, hapana: Barack Obama Mkubwa alikuwa Mjaluo mwenye asili ya Kogelo. Mke wa Obama mwenyewe, Michelle, ana mababu waliokuwa watumwa South Carolina. Wanafunzi wa Kisumu wanaouliza hili hushangaa wakisikia kwamba huko nako, mwaka 1865, walioachiliwa waliahidiwa ekari 40 na ahadi ikafutwa mwaka huo huo, na kwamba wengi walirudi kulima mashamba ya mabwana wa zamani kwa sehemu ya mavuno. Maskwota wa Njoro wangeyatambua maisha hayo mara moja.

Kumekuwa na fidia yoyote?

Kidogo. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua kwamba madai ya Wakipsigis na Watalai ni ya haki. Mfalme Charles alipozuru Nairobi mwaka 2023 alieleza majuto makubwa kwa ukatili uliotendwa, bila kuomba radhi rasmi. Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki na fidia kwa Waafrika na wenye asili ya Afrika. Madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi yalipewa miaka mitano kuwasilishwa kwa Tume kuanzia 2016, na familia nyingi zilisikia habari hiyo baada ya muda kwisha. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwa kuwa wanaostahili zaidi ndio wasio na wakili.

Nitaanzaje kuandika historia ya familia yangu?

Anza na aliye mzee zaidi nyumbani, na usianze kwa kumuuliza tarehe. Muulize jina la shamba, jina la mnyapara, jina ambalo mlowezi aliitwa na wafanyakazi wake, na mwaka wa njaa au nzige uliokuwa karibu, kwani hayo huweza kulinganishwa na kumbukumbu zilizoandikwa. Kisha uliza kama kuna sanduku. Kipande, risiti za kodi, kadi ya ubatizo, barua ya mkopo wa shamba: piga picha pande zote mbili, hata upande ulio mtupu, na usijaribu kunyoosha karatasi iliyokakamaa. Nyaraka za serikali ya kikoloni za mkoa na wilaya zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Nenda na majina uliyoyakusanya, penseli badala ya kalamu ya wino, na siku nzima isiyo na shughuli nyingine.